Yudithi na Majirani Zetu wa Mbale

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ilomba, Mbeya



Kila Ijumaa Kuu vijana wetu huigiza mateso ya Bwana. Katika maigizo hayo Myahudi tuliyemzoea ni yule apigaye kelele akitaka Yesu asulubiwe. Twasahau kwamba Yesu mwenyewe, Mama yake na Mitume walikuwa Wayahudi. Leo twataka kumtazama Myahudi mwingine: yule aonewaye, naye akakataa kuinama.

Biblia yetu inacho kisa chake katika Kitabu cha Yudithi. Mji wa Bethulia umezingirwa na jeshi la Holoferne, chemchemi zimetekwa, watoto wanazimia kwa kiu. Wazee wa mji wanampa Mungu siku tano, akikawia, watajisalimisha. Ndipo Yudithi, mwanamke mjane, anawaita wazee hao na kuwauliza wamepata wapi haki ya kumwekea Mungu muda. Kisha anakwenda mwenyewe katika kambi ya adui na kumkata Holoferne kichwa.

Wataalamu wengi wa Maandiko husema kwamba hii ni hadithi iliyovikwa vazi la historia. Mwandishi anamwita Nebukadneza mfalme wa Waashuru, hali yajulikana kuwa alitawala Babeli. Je, basi ni uongo? Hasha! Wengi wao huiweka katika zama zilizofuata mateso ya mfalme Antioko wa Nne, aliyewakataza Wayahudi kushika Sabato na kuwatahiri watoto wao mwaka 167 kabla ya Kristo. Kwa watu waliopitia hayo, kisa cha mjane mmoja kilikuwa chakula cha moyo.

Lakini upo ushuhuda usio wa hadithi, tena haupo mbali nasi. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, Waafrika wafuasi wa dini ya Kiyahudi. Jumuiya yao ilianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari, alipoamua kuifuata Torati. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na katika utawala wake dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliiacha imani hiyo. Wakabaki mamia machache tu. Hao hawakuwa na upanga wa Yudithi. Walisali kwa siri wakiishika Sabato yao, wakangoja. Wazee wa Bethulia walitaka kungoja siku tano. Hawa walingoja miaka.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliikomboa Kampala. Kwetu Wakristo ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilianza Pasaka yao, sikukuu ya kutoka utumwani.

Ndugu zetu, dhuluma ile haikuishia kwa Abayudaya. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na mwaka 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum, aliuawa. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi twaongeza: usimwache anyolewe peke yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Kwa hiyo hatuna budi kuangalia namna tunavyosimulia. Hadithi yaweza kumfundisha mtoto kumchukia jirani. Yaweza pia kumfundisha kusimama naye.

Twaomba kila jumuiya ndogondogo isome sura ya 8 ya Kitabu cha Yudithi, kisha ijadili:

1. Mtaani kwetu, ni nani anayeonewa huku sisi tukisema kwamba hayatuhusu?

2. Wazee wa Bethulia walikata tamaa. Sisi hukata tamaa wapi katika kutetea haki?

3. Katika igizo la Ijumaa Kuu ijayo, tutawaonyeshaje Wayahudi ili tusimtukane Yesu katika watu wake?

Amani ya Bwana iwe nanyi.