Mpishi wa Kigeni na Mlango wa Uingereza

Msikilizaji, kwa miaka kadhaa mpishi wa kigeni aliyetaka kufanya kazi Uingereza aliijua njia: apate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, apewe hati ya udhamini, kisha aombe viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Aprili 2024 kiwango cha chini cha mshahara kwenye viza hiyo kikapandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, mshahara ambao mgahawa mdogo hauwezi kuulipa. Kisha tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa. Kazi sasa kwa kawaida lazima iwe ya ngazi ya shahada, na upishi haumo. Wahudumu wa mezani hata awali hawakuwamo.

Hili ni kosa, tena kubwa. Mtu anayechanganya viungo bila kupima, anayeujua moto wa tanuri la udongo kwa kiganja na kubandika mkate ukutani mwake bila kuungua, amesomea jikoni kwa miaka mingi. Kumwambia hana ujuzi kwa sababu kazi yake haihesabiwi kuwa ya ngazi ya shahada ni kumdhulumu.

Waliokuwa na viza kabla ya tarehe hiyo waliachiwa nafasi ya kuiongeza muda. Lakini wewe kijana wa hoteli Mombasa au Zanzibar, ambaye hujawahi kuwa nayo, akija wakala kukuahidi viza hiyo kwa kazi ya upishi, usimpe hata shilingi.