Msamaria wa Nyalenda



Nimeombwa nizungumzie upendo wa Mkristo kwa mtu wa imani nyingine. Tukisoma mfano wa Msamaria mwema katika Luka sura ya 10, kila mmoja wetu hapa Nyalenda, Kisumu, hujiona Msamaria. Sijamwona anayejiona yule aliyelala njiani, kapigwa na kuvuliwa nguo.

Lakini mtoto akizidiwa usiku, bodaboda humkimbiza wapi? Wengi wetu ni hospitali ya rufaa, ile yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee hawajaacha kuiita Russia. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, serikali iliyofundisha kwamba Mungu hayupo, ikafunguliwa Oktoba 1969. Mwenye uwezo kidogo huenda Aga Khan, hospitali ya Waislamu wa Ismailia. Sijasikia mgonjwa akidaiwa cheti cha ubatizo. Basi majeruhi tumekuwa sisi, tena mara nyingi.

Ugumu uko kwingine. Msamaria hakuwa mgeni wa mbali. Vitabu vya Musa alikuwa navyo, ila mlima wake wa kuabudia ulikuwa mwingine, na Wayahudi wakamhesabu mwasi wa nyumbani. Mwanasheria aliyesimuliwa mfano huo, alipoulizwa na Yesu ni nani aliyekuwa jirani, hata jina la Msamaria hakulitaja! Kwetu mtu wa namna hiyo si Mwislamu. Kwa Mwislamu tunakwenda siku ya Idi, tunakula pilau, tunarudi tukisifu ujirani. Msamaria wetu ni Mlegio, ambaye kanisa lake lilitoka kwa Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Mwingine ni mfuasi wa kanisa la Nomiya la Johana Owalo, yaani Mjaluo Mkristo anayetahiri. Hao tunawacheka kanzu, tunaigiza maombi yao, na wakifiwa mchango wetu wa matanga huwa mwembamba.

Tena kuna waliokuwa na imani yetu hasa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani Wakikuyu waliondoka Kisumu na walichoweza kubeba, maduka yakaporwa na kuchomwa. Wengi wao walikuwa Wakristo. Tulipokea meza moja nao. Muda si muda tukawapokea Wajaluo wenzetu waliofukuzwa Naivasha, tukawalilia kwa sauti. Ni haki kulia. Ila wale wa kwanza tuliwapita upande wa pili wa barabara, kama kuhani na Mlawi.

Najua kuna hofu kwamba ukimpenda Mlegio au Mwislamu umeikana imani yako. Sikubali. Msamaria alitoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili. Mahali alipomhubiria majeruhi sijapaona, wala hatuambiwi alibadili mlima.

Ombi langu ni dogo, na litatugharimu pesa. Daftari la mchango wa matanga la kila jumuiya lipite ploti nzima, mlango kwa mlango, na lisiwe na safu ya dhehebu. Anayefiwa kwanza mwezi huu, awe nani awe nani, tuanze naye. Katibu, naomba hilo uliandike kwenye kumbukumbu kabla hatujakwenda kula.