Homa ya Mtoto: Tusisahau Mkojo

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa njia ya mkojo kwa watoto wadogo.

Mama mmoja darasani kwetu alitusimulia habari za binti yake wa miaka miwili. Mtoto alishikwa na homa. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki, akapewa. Homa haikushuka. Siku ya nne akapelekwa zahanati. Damu ikapimwa, malaria hakuna. Mkojo ulipopimwa, ndipo ugonjwa ukaonekana. Siku nne zilipotea bure!

Basi, ugonjwa huu unatoka wapi? Mara nyingi vijidudu vya choo kikubwa huingia katika tundu la mkojo, vikapanda hadi kwenye kibofu. Vikifika kwenye figo vinaweza kuziharibu. Wasichana huugua zaidi kwa sababu njia yao ni fupi. Wavulana nao huugua, hasa wakiwa wachanga.

Tutautambuaje? Mtoto anayejua kusema atalia, "Mama, nikikojoa inauma." Atakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo. Pengine aliyekwisha acha kukojoa kitandani ataanza tena. Mtoto mchanga hawezi kusema. Yeye huwa na homa bila kikohozi wala mafua, hutapika, hukataa kunyonya na kulialia.

Tufanye nini? Twende zahanati mapema. Malaria isipoonekana, tusione haya kuuliza: "Mganga, na mkojo je?" Mkojo uchukuliwe katika chombo safi kabla ya kuanza dawa. Mganga atatoa dawa kwa kufuata uzito wa mtoto. Tuimalize yote, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Dawa ya mtoto wa jirani tusiiguse. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kinga nayo ipo. Mtoto akienda choo, tumpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Aliyeanza kula tumpe maji safi ya kutosha, pamoja na matunda na mboga ili choo kisiwe kigumu. Tumzoeze asibane mkojo.

Akina baba, msiseme hiyo ni kazi ya mama peke yake. Figo zikiharibika, hasara ni ya nyumba nzima.

Ndugu zetu, tulijifunza kusoma ili tujue pia kuuliza. Tuulize mapema.