Dalili za Kutia Hofu Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Kizazi
Mazungumzo na wananchi wa Nachingwea na Ruangwa

Ndugu waume mlioketi nyuma, sehemu ya maneno haya inawahusu ninyi hasa.

Huenda mtu akajiuliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaingiaje katika habari za mwanamke aliyetolewa kizazi. Inaingia kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu usiku hukimbilia dawa kabla ya kumkimbilia mganga. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu kuliko saratani nyingine yoyote. Wengi wao hupelekwa mbali kwa matibabu, wengine mpaka Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha hurejea huku kwetu na mshono tumboni, mfuko wa vidonge na karatasi iliyokunjwa. Daktari aliyempasua amebaki mamia ya kilomita nyuma. Kila kinachotokea mwilini kuanzia hapo huzua swali moja tu: je, ugonjwa umerudi?

Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini ziko dalili zisizongoja asubuhi, na nia yangu leo ni kuzitenganisha hizo na nyingine.

Nianze na damu, maana ndiyo inayotisha kuliko yote. Mwanamke aliyeondolewa kizazi hatarajii kuona damu tena, hivyo akiiona hutetemeka. Ndani, mahali kizazi kilipokuwa, kuna mshono usioonekana. Kwa majuma manne hadi sita ni kawaida kutokwa na ute wenye damu kidogo au rangi ya kahawia, unaopungua siku hadi siku. Nyuzi zinapoyeyuka, damu kidogo huweza kuonekana tena kwa siku moja au mbili. Isiyo kawaida ni damu nyekundu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mabonge ya damu, au ute wenye harufu mbaya. Hapo usingoje. Na ukiona majimaji yanayochuruzika mfululizo, ukaamka kitandani umelowa bila kujua, usione haya: huenda mkojo unapita mahali pasipo pake, na jambo hilo hutibika. Ambaye mkojo umemzuia kabisa baada ya kutolewa mpira, naye aende siku hiyo hiyo.

Usiingize kitu chochote ukeni: si pamba, si majani yaliyopondwa, si maji ya kujisafisha. Wala usijifukize. Kuhusu tendo la ndoa, waume zetu wangoje mpaka daktari aseme, na mara nyingi haiwi chini ya majuma sita. Mshono wa ndani ukifumuka ni dharura ya kupasuliwa upya.

Sasa homa. Katika mikoa hii ya kusini joto la mwili huitwa malaria kabla halijapimwa. Mwanamke aliyeondolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai, ikiwa bado alikuwa akipata hedhi, hukoma hedhi kwa siku moja. Hupandwa na joto la ghafla kifuani na usoni, jasho likamtoka usiku hata khanga ikalowa, na dakika chache baadaye akawa salama. Huyo hununuliwa dawa mseto leo, na mwezi ujao hununuliwa tena, ilhali hakuna kimelea hata kimoja. Dawa ya malaria hutolewa baada ya kipimo. Joto la namna hii huja na kupita, na kipimajoto hakionyeshi homa.

Homa ya kweli hubaki. Ikifika nyuzi joto 38 au zaidi katika majuma ya mwanzo, sababu yaweza kuwa kidonda, mkojo, kifua au mshono wa ndani. Mwambie mhudumu wa zahanati, kabla hajakuchoma kidole, kwamba umefanyiwa upasuaji. Hata kipimo kikionyesha malaria, kidonda bado kinahitaji kutazamwa. Ninaloliogopa zaidi ni parasetamo inayomezwa kila baada ya saa chache: hushusha joto, mgonjwa akadhani amepona, kumbe usaha unaendelea kujikusanya. Kwa mtu mzima parasetamo isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini hupaswa kupewa kipimo kidogo zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa ukoo mmoja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu, bali huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo.

Mguu nao una hadithi yake. Mkoani Lindi mguu ukivimba watu husema matende, au husema mtu amekanyagishwa kitu. Katika upasuaji wa saratani, matezi ya nyonga huenda yakaondolewa, na mguu ukavimba polepole kwa sababu maji ya mwili yamekosa njia. Huo huinuliwa juu ya mto wakati wa kulala, na ngozi yake hulindwa isichubuke. Lakini mguu mmoja unaovimba ghafla, unaouma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiuchue wala usiukande. Bonge likisafiri hadi kwenye mapafu, mtu hukosa pumzi na kifua kikamchoma, na muda unaobaki ni mfupi. Kwa hiyo anayerejea kwa basi kutoka Dar es Salaam ashuke kila basi linaposimama, atembee, na akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu.

Kuhusu choo kigumu nitasema machache. Dawa kali za maumivu, ikiwemo mofini ya maji, hufunga choo. Kunywa maji, kula papai na kisamvu, na uombe dawa ya kulainisha. Ila tumbo likijaa, choo na ushuzi vikakatika, ukaanza kutapika, hilo si la papai tena.

Kazi pia huzaa dalili. Ndoo ya lita 20 kichwani, jembe, kupura ufuta, kubeba gunia la korosho: hayo yangoje majuma sita au zaidi. Najua msimu haumngoji mtu. Ndiyo maana nawaambia waume na watoto wakubwa, si mgonjwa peke yake.

Nirudi kwenye dawa. Kuna desturi ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga ule haukutengenezwa kwa kidonda. Huleta uchafu na huficha usaha. Dawa za vijiuasumu zilizobaki kwa jirani si zako. Nunua dawa katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Anayesimama mnadani na chupa inayoponya saratani zote, mwulize usajili wake. Tiba asili ina baraza lake lililowekwa kisheria, na mganga wa kweli hataudhika kuulizwa. Kama unatumia mizizi au majani, mwambie daktari jina lake. Ziko zinazogombana na dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa ikikudhuru, mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano. Taarifa hiyo hufika kwetu, nasi hatukuulizi kwa nini uliimeza. Ofisi yetu ya kanda iko Mtwara.

Je, ugonjwa ukirudi kweli? Damu inayotoka miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoondoka, mguu kuvimba upya, kukonda bila sababu, kikohozi kisichoisha: hayo ni ya kwenda kuchunguzwa bila kungoja tarehe ya kliniki. Tarehe zenyewe, ambazo kwa kawaida ni kila miezi mitatu hadi sita katika miaka miwili ya mwanzo, usiziruke kwa kuwa unajisikia vizuri.

Ile karatasi iliyokunjwa ndiyo inayomweleza daktari wa Nachingwea au Ruangwa kilichoondolewa mwilini mwako. Itie kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na daftari dogo la siku, joto, rangi ya ute na dawa ulizomeza, na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali ulipoiweka. Tafuta mapema namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayekubali kuitwa usiku, na nauli yake ikae kando.

Sasa niko tayari kwa maswali. Anayeona haya kuuliza mbele ya watu, nitakuwa hapa chini ya mwembe mpaka jioni.