Majeshi Yakiondoka, Mwenye Nyumba Awe Tayari

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama, Nyalikungu)



Tumekutana kuzungumza habari ya majirani zetu wa Kongo. Tarehe 13 Machi, 2025, wakuu wa nchi za SADC waliamua kuyaondoa majeshi ya Tanzania, Malawi na Afrika Kusini yaliyopelekwa mashariki ya Kongo tangu Desemba 2023. Mwishoni mwa Aprili yakaanza kutoka, yakapitia Rwanda hadi Chato, kando ya ziwa letu. Wengine hawakurudi hai, na Watanzania wamo. Tunawaheshimu.

Wako wanaosema, "Askari wamerudi, vita imekwisha." Wengine wanasema, "Wamekimbia." Sisi tunasema wote wanakosea. Askari huenda anakotumwa na huondoka anapoamriwa. Kujenga amani ni kazi nyingine.

Tazameni yaliyopita. Vita kubwa ya Kongo ilianza Agosti 1998. Mwaka 2002 Rwanda ilikubali mjini Pretoria kuondoa majeshi yake. Uganda nayo ikakubali mjini Luanda. Majeshi yakatoka, lakini bunduki zikabaki mikononi mwa vikundi. Hata M23, walioiteka Goma Januari 2025, jina lao limetokana na mapatano ya 23 Machi, 2009, ambayo wao walidai hayakutimizwa. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaitaka Rwanda iondoe tena majeshi yake Kongo. Kazi ya mwaka 2002 ikarudi mezani.

Nasi tusijitoe katika hesabu hiyo. Majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979, Idi Amin akaanguka. Yakaondoka mwaka 1981. Lakini kabla hayajamaliza kutoka, Waganda walikuwa wamekwisha kuanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, maana uchaguzi wa Desemba 1980 uliwagawa.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa bunduki hashiki jembe. Imempasa aende kwake, awe aliitwa au hakuitwa, na wenye nyumba wakae chini wapatane.

Kwa hiyo ndugu, tusimcheke askari aliyerudi, wala tusimfukuze Mkongo aliyekimbilia kwetu. Na kila mapatano yanapotiwa sahihi, tuwaulize viongozi wetu swali moja: nani atahakikisha yanatimizwa?