Majina Ukutani



Mwaka uliopita nilibahatika kwenda Marekani kwa mafunzo ya utangazaji. Siku moja mwenyeji wangu alinichukua hadi uwanja wa michezo wa mji mmoja mdogo katika jimbo la Ohio, akaniambia kwamba ukuta wa vita umefika. Nilistaajabu, kwani sijapata kusikia ukuta ukifika mahali. Kumbe ulikuwa umeletwa kwa lori, umesindikizwa na wazee wapanda pikipiki, ukasimamishwa nyasini ubao kwa ubao.

Ukuta huo ni mfano wa ule ulioko Washington, uliozinduliwa tarehe 13 Novemba, 1982, kwa kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa katika vita vya Vietnam. Ule wa asili ni wa mawe meusi, na mchoro wake ulibuniwa na msichana mwanafunzi wa miaka 21, Maya Lin. Wengi walionusurika vitani waliukataa mwanzoni, wakisema hauna sanamu wala bendera. Mimi nami nilipoona picha zake zamani nilidhani ni ukuta wa kiwanda. Lakini kwa kuwa si kila mjane aliye na nauli ya Washington, mifano ya ukuta huo ilitengenezwa ili iwafuate watu makwao. Wa kwanza ulianza kuzunguka mwaka 1984. Huu niliouona, uitwao The Wall That Heals, yaani ukuta unaoponya, umekuwa ukisafiri tangu 1996, nao huachwa wazi usiku na mchana.

Yapo majina zaidi ya 58,000. Nawaomba ninyi wanajeshi mlitafakari jambo moja: hakuna cheo kilichoandikwa. Jenerali na kuruta wamepangwa sawa, wala si kwa alfabeti, bali kwa tarehe ya kufa. Kwa hiyo waliouawa katika mapigano ya siku moja wamekaa pamoja ukutani kama walivyokuwa pamoja handakini. Anayemtafuta mtu wake husaidiwa kwa orodha kupata ubao na mstari.

Nilimwona mzee mmoja ameweka karatasi juu ya jina, akawa anasugua kwa penseli mpaka herufi zikatokea. Alisugua majina manne yaliyofuatana. Alipomaliza aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia Uganda, akauliza, bila ya kejeli yoyote: "Na majina yenu ninyi, kijana, yako wapi?"

Nilimjibu nusu. Nilimweleza habari za wazee wetu wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944. Nilimweleza habari za meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa Februari mwaka huo ikielekea Ceylon, ikapigwa kwa makombora ya nyambizi ya Kijapani tarehe 12, ikazama kwa muda usiotimia dakika tatu. Walikufa zaidi ya watu 1,200, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao hawana makaburi, maana bahari haina kaburi. Lakini majina yao yamechongwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong.

Nusu ya pili ndiyo iliyonishinda. Babu wa baba yangu aliondoka kijijini mwaka 1916, akachukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Hakurudi. Wapagazi wa vita vile ndio walioacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Walibeba risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande, wakafa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa kuliko kwa risasi. Idadi ya waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa karibu 95,000.

Mjini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za kuwaenzi. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nilikwisha kuizunguka nguzo ile mara mbili nikitafuta jina. Hakuna hata moja.

Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi ni jambo jema. Lakini kwetu sisi babu yule amebaki na jina moja tu, lile la nyumbani, na hakuna ajuaye karani wa jeshi alimwandikaje, ikiwa alimwandika.

Ndugu wanajeshi, msidhani mambo haya ni ya kale tu. Majeshi yetu yako Somalia tangu Machi 2007. Shambulio la Buulo Mareer la tarehe 26 Mei, 2023, peke yake lilitutoa askari 54. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kupelekewa habari, na habari hufika kwa njia ya karatasi. Hata Wamarekani, pamoja na mashine zao zote, waliandika ukutani majina ya watu zaidi ya kumi walio hai, kwa kosa la makaratasi. Basi yule aliyehama kijiji, aliyeoa baada ya kuandikishwa, au anayeitwa jina moja kambini na jingine kwenye kitambulisho, habari zake zitamfikia nani? Nanyi askari polisi msijitoe katika hesabu hii. Wenzenu wa Marekani wana ukuta wao Washington tangu 1991, nao una majina zaidi ya 20,000.

Siku nne zilipokwisha, ukuta ule ulifunguliwa, ukapakiwa, ukaenda mji mwingine. Yule mzee alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia ndani ya kofia.

Fomu ya ndugu wa karibu iko kwa karani wa kikosi. Kwaherini.