Gari Lililotumika Kidogo na Malalamiko Yafuatayo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama cha ushirika kinaponunua gari, hakinunui kwa fedha ya mtu mmoja. Pikapu ya kubebea maziwa au mbolea hutokana na makato madogo madogo ya wakulima wengi, na kila shilingi ina mwenyewe. Kwa sababu hiyo, malalamiko yanayozuka baada ya kununua gari katika yadi ya magari ni jambo la hesabu ya chama, wala si bahati mbaya ya dereva.

Malalamiko hayo hufanana. Gari husifiwa kwamba ni karibu jipya. Baada ya majuma mawili injini yatoa moshi, giaboksi yagoma, au fundi agundua kwamba mita ya kilomita ilirudishwa nyuma. Mnunuzi arudipo yadini huambiwa kwamba gari liliondoka likiwa zima, na yule aliyelisifu siku ya kuuza hakumbuki alilosema.

Maneno “karibu jipya” yapasa kupimwa. Nchini Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi gari la miaka 7 kutoka Japani laweza kuingia kwa halali na kupewa namba mpya kabisa. Namba hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Kenya. Haionyeshi umri wake. Umri husomwa katika cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari lisafirishwe nje, na humo huandikwa kilomita pia. Katibu na aombe nakala ya cheti hicho, alinganishe namba ya chesisi na ile iliyo garini, na kilomita na zile za mita, kabla ya kutoa hata arubuni.

Sheria haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mnunuzi akimjulisha mfanyabiashara wa magari kazi anayoitakia gari, na kuutegemea ujuzi wake, kwa kawaida gari hilo lapasa kuifaa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo yaweka mipaka. Mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kutegemea ahadi ya sheria juu ya ubora wake kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Tena gari lililotumika halidaiwi uzima wa gari jipya. Mpira uliolika si sawa na injini iliyopasuka. Kwa hiyo fundi wa kulikagua awe wa chama, wala asiwe wa yadi.

Jambo kubwa zaidi ni wakati. Mnunuzi akikaa na gari kupita muda wa kiasi bila kutangaza kwamba analikataa, sheria humhesabu kuwa amelikubali. Hapo, kwa kawaida, haki ya kulirudisha humtoka, akabaki na haki ya kudai fidia tu. Dereva anayeendelea kubeba mizigo kwa mwezi mzima huku akilalamika kwa mdomo anaidhoofisha haki ya chama siku baada ya siku.

Na wafikiriwe makatibu wawili waliopatwa na kasoro ile ile. Wa kwanza alipiga simu mara kumi, akaahidiwa mara kumi, kisha akatengeneza giaboksi kwa fundi wa jirani bila stakabadhi. Wa pili alilisimamisha gari siku ile ile, akaandika kilomita zilizosomeka, akapata taarifa ya fundi iliyotiwa sahihi, na kupeleka barua yadini akibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wote wawili wana haki, lakini ni wa pili tu awezaye kuithibitisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Barua isipojibiwa, ziko njia mbili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa kuhusu bidhaa. Nayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake yataka hukumu itolewe katika siku 60. Bei ya gari zima yaweza kuupita mpaka huo, lakini gharama za matengenezo mara nyingi hazifiki hapo.

Yafaa kila kamati iandike katika kumbukumbu zake masharti haya: ahadi zote za mwuzaji ziandikwe katika mkataba, pamoja na mwaka wa gari, kilomita, kazi linalonunuliwa kwa ajili yake na muda wa dhamana, pasitiwe sahihi penye maneno “linauzwa jinsi lilivyo” kabla ya kupata ushauri, na malipo yapite benki. Kwani chama kikiwa kimekopa ili kununua, deni halitangojea kesi iishe. Mkopo utalipwa kila mwezi, gari likitembea au likilala, na watakaolipa ni wale wale wanaoamka alfajiri kukamua.